Kukopesheka: Sifa Inavyopotea na Inavyojengwa Upya

Gisenyi nzima, huku Rwanda, inajua maana ya "kuwa CRB". Muuza nguo wa Mbugangari akikuambia kwamba shemeji yake yuko CRB, hahitaji kuongeza neno. Umeshaelewa kwamba benki imemfungia mlango. Herufi hizo 3 zimetokana na jina la Kiingereza la ofisi inayotunza taarifa za wakopaji, na zimeingia katika Kinyarwanda na Kiswahili cha huku bila kutafsiriwa, kama zilivyoingia Nairobi. Ni neno la haraka na linafanya kazi yake. Shida ni kwamba linataja ofisi mahali ambapo tunataka kutaja hali ya mtu, na linaitaja hali hiyo pale tu inapoharibika. Hakuna anayejivunia kuwa CRB, ingawa kila aliyewahi kukopa benki jina lake limo humo, aliyelipa na asiyelipa.

Kiswahili sanifu nacho kimejaribu. Magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi yana alama ya mkopo, ukadiriaji wa mikopo, rekodi ya mikopo, historia ya ukopaji, sifa za mkopaji. Kila moja limeshika kipande. Mimi naunga mkono neno ambalo maofisa mikopo wa Tanzania wanalitumia kila siku bila kulifanyia sherehe: kukopesheka. "Biashara yako inakopesheka." "Kikundi hiki hakikopesheki." Limezaliwa ndani ya lugha yenyewe, kopa, kopesha, kopesheka, kwa mnyambuliko uleule unaotupa kupitika na kubebeka. Uzuri wake ni kwamba limebeba watu wawili. Ukisema njia haipitiki, umemtaja mpitaji hata kama hayupo. Ukisema mtu hakopesheki, umemtaja mkopeshaji anayemtazama. Sifa hii haikai kwa mkopaji peke yake, kama umri au kimo. Inategemea macho ya mwenye pesa, na mwenye pesa huona kile alichoandikiwa na wengine.

Kwa hiyo ningependa tugawe kazi hivi. Sifa ya kukopesheka iwe jina la jambo zima. Alama ya ukopaji iwe ile namba inayotolewa na kompyuta baada ya kusoma rekodi za mtu. Nasema ya ukopaji kwa sababu kinachopimwa ni tabia ya mtu ya kukopa na kulipa, wala si mkopo mmoja. Marekani alama inayojulikana zaidi ni ile ya kampuni ya Fair Isaac, iliyoanza kutumika mwaka 1989, na inaanzia 300 hadi 850. Kenya, kampuni ya Metropol inatoa alama kati ya 200 na 900. Halafu kuna daraja la ukopaji, ambalo huandikwa kwa herufi na hutolewa kwa nchi na kampuni kubwa. Aprili 2013 Serikali ya Rwanda ilipouza hati fungani yake ya kwanza katika soko la kimataifa, ya dola milioni 400, wanunuzi waliangalia kwanza daraja ambalo kampuni za ukadiriaji zilikuwa zimeipa nchi. Nchi hupewa daraja, mama anayeuza dagaa wa sambaza hupewa alama, na swali linaloulizwa ni lilelile: akipewa, atarudisha?

Anayejibu swali hilo hapa Rwanda ana historia fupi. Sheria ya kwanza ya taarifa za mikopo ni ya Mei 2010, na mwaka huohuo kampuni ya CRB Africa ikaanza kazi Kigali chini ya usimamizi wa Benki Kuu, BNR. Baadaye CRB Africa ikaingia mikononi mwa TransUnion, kampuni ya Chicago, na mwaka 2018 ikatoka sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza. Jambo moja naliona la busara: tangu miaka ya mwanzo Rwanda haikuishia kwenye benki. Kampuni za simu na ya umeme nazo ziliingizwa katika kutoa taarifa. Kwa nchi ambayo watu wengi wana simu kabla ya kuwa na akaunti ya benki, hiyo ina maana kwamba mtu anaweza kuanza kuandikwa vizuri kabla hajakopa hata faranga moja. Inawezekana pia akaanza kuandikwa vibaya bila kujua.

Mazungumzo ya dirisha la benki huwa mafupi.

"Mama, jina lako limetoka na deni."

"Deni gani, mwanangu? Mimi hapa sijawahi kukopa."

"Si la hapa, mama. Ni la simu, la mwaka juzi."

Kisa kama hiki hakina ujanja ndani yake. Mtu alibonyeza simu akapata mkopo wa siku 30, faranga elfu chache za kuongezea mtaji wa siku ya soko. Laini ikapotea, akachukua nyingine, deni likabaki kwenye laini ya zamani likikua kwa faini. Baada ya siku 90 bila malipo, mkopo huhesabiwa miongoni mwa ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita mikopo chechefu, na habari hiyo husafiri hadi kwenye rekodi. Udogo wa deni haumsaidii mtu sana, kwa sababu kinachosomwa kwanza ni kama alilipa au hakulipa. Kenya iliona ubaya wa jambo hili, na Aprili 2020 ikaamua kwamba deni lililo chini ya shilingi 1,000 lisimpeleke mtu CRB.

Hapo ndipo lugha inapoanza kuumiza. Kinyarwanda kina neno bihemu kwa asiyelipa, na ndani yake mna guhemuka, yaani kumsaliti aliyekuamini. Orodha ya ba bihemu ikibandikwa, mtaa mzima unasoma. Kiswahili cha zamani nacho hakikuwa cha upole: kukopa kuliweza kubeba maana ya kulaghai, na mkopi akawa mkopaji au tapeli, kutegemea nani anasema. Methali ya kukopa harusi, kulipa matanga inaeleza uzito wa jambo, lakini inaacha nje yule ambaye matanga yalimkuta kabla ya siku ya kulipa.

Na Rubavu, wilaya yetu, imeyaona. Machi 2020 mpaka wetu na Goma, mji wa Kongo, ulifungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba na maduka ya Gisenyi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika ukaingia majumbani, ukaondoka na watu, mifugo na bidhaa. Muuza nyanya aliyekopa Februari 2020 kwa hesabu ya wateja wa Goma hakumsaliti mtu. BNR yenyewe ililiona hilo, ikaruhusu benki kupanga upya mikopo ya walioathirika na korona. Lakini aliyekopa kwa simu, au ambaye hakujua kwamba anatakiwa kwenda kuomba apangiwe upya, rekodi yake iliandikwa kama ya mtoro. Ndiyo maana nang'ang'ania kukopesheka. Neno hili linaeleza uhusiano wa mtu na mkopeshaji kwa wakati fulani, na wakati hubadilika. Bihemu ni muhuri wa maisha.

Sasa tuje kwenye kitenzi. Sifa iliyoharibika tunaifanyaje? Nairobi wanasema kusafisha jina, na msemo huo umeshafika huku. Siupendi, na sababu yangu ni ya mfukoni kabisa. Kusafisha kunamfanya mtu aamini kuna doa la kufutwa, na kwamba yupo fundi wa kulifuta kwa ada. Matapeli wanakula kwa neno hilo. Marekani waliteseka nao hadi mwaka 1996 ikatungwa sheria inayokataza kampuni za namna hiyo kudai malipo kabla ya kufanya kazi. Ukweli ni kwamba taarifa mbaya iliyo ya kweli haifutwi na fundi yeyote. Hukaa muda wake: Kenya miaka 5, Marekani miaka 7 kwa kawaida. Taarifa ya uongo ndiyo inayoondolewa, na mwenye rekodi ana haki ya kuiona na kuipinga.

Kenya yenyewe, Novemba 2022, ilijaribu njia ya kati. Benki Kuu ilitangaza utaratibu wa kuwaondolea mzigo waliokopa kwa simu kwa siku 30 au pungufu wakashindwa kulipa: wakopeshaji wapunguze angalau nusu ya deni, mkopaji amalizie kilichobaki kabla ya mwisho wa Mei 2023. Watu waliohusika walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 4. Lilikuwa jambo jema, lakini hata aliyesamehewa nusu alibaki na kazi ya kuonyesha malipo mapya. Kwa kazi hiyo nasema kujenga upya. Malipo ya zamani yaliyokosekana yanabaki nyuma, mapya yanapangwa mbele yake, mwezi juu ya mwezi, mpaka anayesoma aone mapya kwanza.

Kifaa kinachosifiwa zaidi duniani kwa ujenzi huu ni kadi ya mkopo, na hapa tafsiri inahitaji uangalifu mkubwa. Kwetu kila kadi ni "kadi ya benki", au "karta" kwa wanaotoka ng'ambo ya mpaka, au "Visa" tu. Nyingi ya kadi hizo zinatoa pesa ambazo mwenye kadi ameziweka mwenyewe. Ukilipa nazo kila siku kwa miaka 10, hujakopa, kwa hiyo hakuna cha kuripoti, na sifa yako haisogei. Kadi ya mkopo inatoa pesa za benki, hadi kikomo walichokupangia, na mwisho wa mwezi benki inakuletea hesabu. Ukilipa yote kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida hutozwi riba. Ukilipa yale malipo ya chini kabisa, kilichobaki kinatozwa riba ambayo Marekani miaka ya karibuni imepita asilimia 20 kwa mwaka. Kinachojenga sifa ni kwamba benki huituma taarifa yako kwenye ofisi za rekodi kila mwezi, umelipa au hukulipa. Mkopo mdogo, unaorudi kwa wakati, mbele ya shahidi anayeandika.

Aliyeharibikiwa hapewi kadi hiyo kirahisi. Kwa ajili yake ipo aina ambayo ningeiita kadi ya mkopo ya amana. Unaweka benki, tuseme, dola 200. Benki inazishikilia na kukupa kadi yenye kikomo cha dola hizohizo 200. Nimechagua amana badala ya dhamana kwa makusudi: dhamana huwakumbusha watu ingwate, yaani rehani ya shamba, na cyamunara, mnada wa nyumba. Amana ni pesa yako inayolala mahali, na ukifunga kadi bila deni inarudi.

Mwenye kadi kama hiyo asipojua tarehe mbili atapoteza nguvu zake. Ya kwanza ni tarehe ya kufunga hesabu, siku ambayo benki inapiga picha ya deni lako. Ya pili ni tarehe ya mwisho ya kulipa, wiki kadhaa baadaye. Chukua mtu aliyenunua vitu vya dola 170 kwenye kadi ya 200. Analipa zote kwa wakati, hadaiwi riba, anajipongeza. Lakini picha ilipopigwa alikuwa ametumia asilimia 85 ya kikomo chake, na picha ndiyo iliyopelekwa. Kwenye alama ya Fair Isaac, historia ya kulipa ina uzito wa asilimia 35, na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Kadi iliyojaa inasomwa kama dalili ya mtu aliyebanwa. Mtu huyohuyo angenunua vitu vya dola 30, au angelipa sehemu kubwa siku chache kabla ya hesabu kufungwa, picha ingemwonyesha akiwa ametulia. Hesabu ni ileile, mshahara ni uleule, tofauti ni siku.

Maarifa haya yana wenyewe karibu sana na sisi. Wakongomani wanaokimbia vita hupokelewa Nkamira, hapahapa Rubavu, na wengine wamekuwa wakiishi kambi za ndani kama Kiziba, iliyopo Karongi tangu 1996. Kutoka kambi hizo maelfu wamehamishiwa Marekani. Walifika na deni tayari: nauli ya ndege, waliyolipiwa kwa mkopo kupitia shirika la uhamiaji la kimataifa, IOM. Mkopo huo hauna riba na unaanza kulipwa miezi michache baada ya kufika. Wengi huuona kama adhabu. Kwa kweli ndiyo ukurasa wao wa kwanza katika nchi ile, kwa sababu malipo yake huripotiwa kwenye ofisi za rekodi. Anayelipa kila mwezi anajengewa sifa kabla hajashika kadi yoyote. Anayeupuuza anaanza maisha mapya na doa, kisha anashangaa mwenye nyumba anapomkatalia kumpangisha. Hao ndugu zetu huanza bila historia mbaya. Wana faili tupu, na faili tupu mbele ya mashine hutendewa karibu sawa na faili chafu. Ushauri wa kadi ya amana unawahusu moja kwa moja, pamoja na mwingine ambao husahaulika: kadi ya kwanza wasiifunge baadaye kwa sababu wamepata nzuri zaidi, maana umri wa historia nao una uzito wake.

Je, wa Gisenyi afanye nini na ushauri wa kadi? Benki za Kigali zina kadi za mkopo, lakini wateja wake ni wenye mishahara inayopita benki na kampuni. Muuza sambaza hataipata, na aliyeko CRB ndio kabisa. Kumwandikia "tumia kadi ya mkopo" ni kutafsiri maneno na kuacha kazi yake ng'ambo. Inabidi tutafute hapa kitu chenye mambo yale 3: udogo, wakati na shahidi.

SACCO ya umurenge, yaani chama cha akiba na mikopo cha kata, ndiyo iliyo karibu zaidi. Mpango wa SACCO hizi ulianza 2009 ili kila mmoja wa mirenge 416 ya nchi uwe na yake, na Rubavu ina mirenge 12. Kwa miaka mingi ziliendesha hesabu zake kwa karatasi, jambo lililofanya shahidi achelewe kuandika. Bado naona ni mahali pazuri pa kuanzia, hasa kwa mkopo mdogo unaoshikiliwa na akiba ya mkopaji mwenyewe, ambao kwa kazi yake ni ndugu wa kadi ya amana. Simu nayo inafaa. MoKash ya MTN, iliyoanza Rwanda mwaka 2017 ikishirikiana na benki, inakopesha kwa siku 30, na kikomo cha mtu hupanda anapolipa vizuri. Wengi wameharibikiwa kupitia mikopo ya simu. Njia hiyohiyo inaweza kuwarudisha, kama deni la zamani limelipwa kwanza.

Ikimina, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kina utu ambao benki haina. Wenzako wanakujua, wanajua mtoto aliumwa, wanakusubiri. Lakini daftari la ikimina halifiki Kigali. Mama aliyelipa mzunguko wake bila kukosa tangu aolewe anaonekana benki kama mtu asiyewahi kukopa. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu hapo ndipo ulipo uaminifu mwingi wa mji huu, na mfumo hauuoni. Kikundi kinaweza kujisogeza kwa kufungua akaunti yake SACCO na kukopa kwa jina la wanachama. Banki Lamberi, kwa upande wake, haijengi chochote. Mkopeshaji huyo wa mtaani, ambaye sheria inamkataza, anachukua kadi yako ya benki na namba yake ya siri, au hati ya shamba, anatoza riba ya mwezi inayomeza mtaji, na ukimlipa hadi senti ya mwisho hakuna anayeandika.

Tangu Januari 2025, benki za Goma zilipofungwa baada ya mji kutekwa, wakazi wake wamekuwa wakivuka kuja kutafuta huduma za benki upande wetu. Miongoni mwao wapo wafanyabiashara waliokopa na kulipa mamilioni huko kwao, na Kigali hawana hata mstari mmoja. Kwao, kama kwa muuza nyanya wa Mbugangari, maswali ya kumwuliza afisa mikopo kabla ya kutia saini ni yaleyale: malipo yangu mnayapeleka CRB? Mnayapeleka tarehe ngapi ya mwezi? Yanakwenda kwa namba ya kitambulisho gani? Aliyevuka mpaka na hati mbili zenye majina yaliyoandikwa tofauti anaweza kulipa mwaka mzima kwenye faili lisilo lake. Na deni likiisha, adai barua ya kumaliza deni yenye muhuri, aiweke, kisha aombe kuiona rekodi yake aone kama mstari umebadilika. Usipobadilika, barua ile ndiyo ya kupeleka pamoja na pingamizi.